Sanduku la Watu Watatu

Jumanne, 3 Juni 2003

Kasimiri na Anastasia wameshuka kutoka Mgeta na lori la kabichi, matope hadi magotini. Wameona tangazo gazetini: kampuni ya mboga Dar inataka karani wa ghala. Mmoja. Maombi kwa imeili tu.

Hawana imeili. Nikawaambia kila mtu afungue yake. Kasimiri akacheka — kijijini kwetu wote tunatumia sanduku moja la posta, la parokia, na barua gani imewahi kupotea? Kweli. Nikafungua moja ya wote. Nikatuma ya Anastasia, kisha ya Kasimiri.

Walipoondoka nikatuma na yangu, kwa anwani hiyo hiyo. Sikuwaambia. Nimechoka kukaa hapa mjini kwenye kafe ya intaneti ya Mikidadi nikiwaandikia wenzangu maombi ya kazi.

Jumapili, 8 Juni

Nyumbani, Mgeta. Baada ya misa katekista Bonifasi akasoma barua za sanduku, jina kwa jina, kama kawaida. Akamaliza, akaniuliza mbele ya watu: na ile ya kompyuta? Bado. Mama yake Kasimiri akanifungia njegere. Nikamwamkia nikiangalia njegere.

Jumatano, 18 Juni

Imejibiwa! "Ndugu mwombaji, umechaguliwa. Fika Jumatatu tarehe 23, saa tatu asubuhi, na vyeti halisi." Jina hakuna.

Nikapiga simu. Dada wa ofisini akasema kompyuta yao inahesabu anwani moja mtu mmoja. Ombi jipya likiingia, la zamani linafutika. Lililobaki ni la Eufrazia. Ndiye wewe?

Ndiye mimi. Ningeweza kumweleza. Nikasema asante, nikakata.

Ijumaa, 20 Juni

Mikidadi kanipa ruhusa. Mvua kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Sikuja kusali, nimefuata vyeti, viko kwenye sanduku la mama. Lakini nani anakaa nyumbani Jumapili? Naandika gotini, benchi la nyuma. Misa imekwisha, hakuna anayetoka.

Anastasia yuko mbele. Kasimiri amevaa shati jipya — Mikidadi kamwambia dereva wa lori jibu limekuja! Naona aibu, basi. Karatasi niliyochapishia jibu imo humu daftarini. Haina jina. Naweza kusoma lolote.

Bonifasi amebakiza barua mbili. Sasa moja.

Ananiita nikasome ile ya kompyuta. Mama yake Kasimiri amekunja miguu ili nipite.