Draiva Mbili, Kadi Moja

Jumanne, Kayole

"Fundi, zima uwashe." Nikiambiwa hivyo tena nitapiga nduru. Mama Mutua, mwenye saiba hii ya intaneti, huweka mkono juu ya kompyuta, huomba, kisha huiwasha. Waifai ikishika, anaimba. Isiposhika, anarudia. Leo ilikataa kushika, wateja wakiwa wamepanga foleni, akaniambia mbele yao: "Isipopona leo, kesho namwita yule fundi wa Donholm."

Fundi wa Donholm! Huyo atafuta kila kitu kilichomo kwenye kompyuta.

Kilichoniudhi ni kwamba kuzima na kuwasha kulisaidia, mara moja moja. Kwa nini? Nikaacha kubahatisha. Kila ilipowaka nilisoma kumbukumbu za kerneli, kile kiini cha mfumo, mstari kwa mstari, na hatimaye nikaona. Draiva mbili, yaani programu za kuendesha kifaa, zinagombania kadi moja ya waifai. Ile mpya ikiwahi kuishika, mtandao upo. Ile ya zamani ikiwahi, basi.

Nikaizuia ya zamani isipakiwe kabisa. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha, mpaka Mama Mutua akauliza kama niko sawa. Ilishika kila mara.

Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, akasema, "Asante, fundi. Mungu ni mwema."

Nina wasiwasi masasisho ya mfumo yatairudisha ile ya zamani. Yakiirudisha nitaitoa tena, sichoki.

Kabla ya kufunga aliiwasha mara ya mwisho, mkono juu yake, macho ameyafumba. Nilitaka kumwambia haina haja tena. Badala yake, nami nikafumba yangu.