Nilishikiza Tu

Elburgon, 3 Juni 1957

Binti yangu Akeyo,

Pokea salamu zetu, wewe na mumeo Ogola na watoto. Sisi tupo, ila mama yako kifua kinamsumbua kwa baridi hii, na mimi nina hasira mpaka ugali haupiti.

Ijumaa magogo yaliporomoka kiwandani yakamvunja jirani yetu Kimutai miguu yote miwili. Amelazwa huko Nakuru. Leo karani ameniletea karatasi nitie sahihi. Inasema mimi Omolo niliyaimarisha magogo yale, na Kimutai akang'oa kabari. Uongo mtupu! Mimi niliyashikiza tu. Nilipiga kabari mbili, nikaweka tawi bichi juu kama kawaida yetu, watu wajue hapapitwi mpaka nguzo zije. Nyapara akalitupa tawi, eti linachelewesha kazi, akamtuma Kimutai apite hapo hapo.

Nikitia sahihi nabaki na kazi na nyumba, na Kimutai anarudi kwao na magongo, bila fidia. Nikikataa, tunafukuzwa mwisho wa mwezi.

Naogopa watampelekea na yeye karatasi kama hiyo, naye hajui kusoma. Hospitali iko karibu nawe. Nenda upesi umwambie asiguse wino wa mtu.

Baba yako,
Omolo

Nakuru, 7 Juni 1957

Baba mpendwa,

Hujambo? Mama kifua kimepungua? Sisi wazima, ila mdogo anaota meno na hatulali.

Baba, nimeshtuka. Kweli utamtoa Mama nyumbani, na kifua kile, kwa ajili ya neno moja? Kushikiza, kuegemeza, kuimarisha, si yote ni kufanya kitu kisimame? Tafadhali tia sahihi. Tuna chumba kimoja hapa nyumba za reli, na tuko watano.

Kwa Kimutai nitapita nikipata nafasi. Wiki hii nina nguo nyingi za watu za kufua.

Binti yako,
Akeyo

Elburgon, 10 Juni 1957

Akeyo,

Mama yako anakusalimu. Anakohoa vilevile. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Ati yote ni kufanya kitu kisimame! Wewe uliyekulia kwenye vumbi la mbao! Ukiegemeza ngazi, ukuta ndio unaoibeba, na ukuta ukienda ngazi nayo inaenda. Ukishikiza unaomba muda tu, ndiyo maana tunaweka tawi. Lakini kuimarisha, mama, ni kuchimba futi tatu, usimike nguzo, ushindilie mawe mpaka mgongo ukuume, ndipo umwambie mtu na mtoto wake, piteni. Mimi sikumwambia Kimutai apite. Hakuna karani atakayeandika kwamba nilimwambia, hata wakinipa kiwanda kizima!

Na usidhani mama yako simwonei huruma. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia kofia nikienda kukataa.

Leo asubuhi nimeirudisha karatasi bila sahihi. Karani hakubishana. Ameikunja vizuri, akauliza treni ya Nakuru inapita saa ngapi. Akeyo, ziache hizo nguo. Nenda leo.

Baba yako

Nakuru, 14 Juni 1957

Baba,

Salamu ndefu leo siziwezi. Watoto wazima. Njooni wewe na Mama, Ogola amekubali, tutabanana.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilimaliza kwanza kupiga pasi mashati ya watu, nikaenda Alhamisi. Usinisamehe haraka.

Nilimkuta Kimutai amelala, miguu yote imefungwa plasta. Alifurahi sana kuniona, akanipungia mkono, nikaona kidole gumba cheusi kwa wino. Nikamuuliza alisomewa nini. Akasema alisomewa kwamba wewe uliyaweka magogo vizuri, naye hakutaka kukuharibia kazi.

Baba, nilipiga kelele mpaka nesi akaja. Nilimgombeza mgonjwa! Nikamwambia ameuza miguu yake, wamemfanya mjinga, na mimi nilikuwa nyumbani napiga pasi.

Akanibembeleza yeye. Akasema nisimtukane karani, ni mtu mpole sana. Siku ile Kimutai alikuwa na homa, mkono unatetemeka, hawezi kupiga kidole. Karani akakaa kitandani, akaushika kwa mikono yake miwili mpaka ukatulia.

Binti yako,
Akeyo