Baba Hanywi, Lakini Anayumba

Mshauri wetu, shikamoo. Nimechoka, na sina mwingine wa kumweleza, ndiyo maana naomba msaada kwako.

Baba yangu ni fundi cherehani, na tangu muhula uliopita anatembea ametanua miguu kama anayevuka sakafu yenye mafuta, anashika ukuta wa korido, maneno yanamtoka mazito, basi wateja wanamtania, "Fundi, leo umeamkia chupa gani?" naye anacheka, "Ya chai," lakini baba hanywi pombe, nikitoka shule nashinda naye kibandani, ningejua. Mama haamini. Juzi alimwambia, "Kama hunywi wewe, basi hiyo miguu inakunywa na nani?" akahamishia mto wake chumbani kwangu, na mwisho wa mwezi anasema atakwenda kwa dada yake.

Shuleni tulifundishwa kuhusu serebela, ule ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, juu ya shingo, kwamba hupokea habari kutoka kwenye misuli, macho na sikio la ndani, hulinganisha na mwendo ulioagizwa, kisha husahihisha kabla hatujaanguka. Nikamwomba baba aguse kidole changu, halafu pua yake. Mkono ulikuwa umetulia pajani, ila ulipokaribia kidole ukaanza kutikisika, na pua akaikosa, akajigusa shavu. Akasema, "Usimwambie mama yako. Mlevi huambiwa aache. Fundi mgonjwa wa mikono, nani atamletea kitambaa?" Nikaapa.

Tangu hapo mishono yake ikipinda naifumua na kuishona upya akiwa amejilaza, wateja wasione, mama asione, na vidole vimechubuka na masomo yananishinda, lakini nikisema, nitakuwa nimemsaliti baba, nikinyamaza, mama anaondoka. Nifanye nini?

Mimi, Mvuta Uzi

*

Marahaba, mwanangu. Pole, tena pole nyingi. Sasa kaa nikugombeze.

Somo umelielewa, lakini wewe si daktari. Nguvu za baba yako zipo. Kinachoonekana kupotea ni kipimo, na kipimo ndiyo kazi ya serebela. Sababu ni nyingi: dawa fulani, upungufu wa vitamini, uvimbe, hata kiharusi. Nyingine hutibika zikiwahiwa. Kila siku unayoficha, unamlia baba yako muda wake.

Na umejigeuza serebela yake! Yeye anakosea, wewe unasahihisha, watu wanaona suruali iliyonyooka. Kazi hiyo si yako, na kiapo cha kumfichia mtu maradhi hakimfungi mtoto.

Siku utakayosoma haya, mwambie baba, "Nimeshindwa kutunza siri. Mwambie mama sasa hivi, au nitamwambia mimi." Msimamo wa mama utabadilika akijua anamwonea mgonjwa. Kisha waende hospitali wote wawili, kesho asubuhi, wewe uende shule. Baba akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, akitapika au akishindwa kusimama, msingoje kesho. Waiteni majirani mwende saa ileile.

Jambo la mwisho. Ule mshono alioupinda leo, usiuguse. Ikunje nguo hiyo vizuri, umpe mama aibebe hadi hospitali. Daktari hawezi kuuona ugonjwa ambao mtoto ameshaufumua.