Nimkabe Twiga

Bwenini, tarehe 6 Oktoba

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haijavimba na lile sikio lako halijaanza tena kelele zake. Mimi mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, naoga.

Bibi, tumeingia fainali! Yale mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo ya kufungua msimu niliyokuandikia, tumeshinda mechi zote, na Jumamosi ya wiki ijayo tunacheza ya mwisho. Na unajua tunacheza na nani? Na chuo cha Twiga. Huyu huyu Twiga wetu, mtoto wa fundi cherehani, uliyekuwa ukituogesha naye kwenye beseni moja. Siku hizi amerefuka mpaka anainama akipita mlangoni. Ndiye anayewafungia karibu kila kikapu.

Sasa sikia. Kocha kazi ya Twiga amenipa mimi, Kijiti wako! Aliniambia mbele ya wenzangu wote: "Wewe, mkabe Twiga. Mkabe mpaka akose pumzi." Nimefurahi kupita kiasi. Chuo kinanisomesha kwa ajili ya mpira, nawe unajua msimu uliopita nilikaa benchi mpaka nikaota mizizi. Nikifanya vizuri Jumamosi hiyo, nimepona. Nikiharibu, sijui.

Wenzangu wanakusalimu. Nikuletee salamu na za jezi yangu pia, maana karibu itatembea yenyewe. Hatufui jezi mpaka siku tutakayofungwa. Ukifua, umefua na bahati ya timu. Usinune.

Niombee.

Mjukuu wako,
Kijiti


Nyumbani, tarehe 9 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Miguu ipo, sikio lipo, na mdomo ndio mzima kuliko vyote, kwa hiyo kaa kitako usome.

Barua yako ameileta dereva wa gari la mikate. Nikampa maji ya kunywa, nikasoma huku nafuata mistari kwa kidole. Nilipofika kwenye kumkaba Twiga nikarudi juu nikaanza upya, nikidhani macho yananichezea. Hayakunichezea. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Umkabe mtoto wa watu mpaka akose pumzi, na umefurahi! Mtu mzima na filimbi yake shingoni anafundisha wasichana kunyongana, na chuo kinamlisha! Kinyaa kilinipanda mpaka chai ikanishinda, nikaimwaga.

Sisi wakabaji tunawajua. Wanajibanza vichochoroni, na wakishikwa hakuna anayewapa kombe.

Nimefanya lililonipasa. Nilikwenda kwenye ua nikamwita fundi. Alikuwa na pini mdomoni. Nikamwambia, "Mama Twiga, mzuie binti yako asiende kwenye huo mpira, Kijiti katumwa kumkaba koo!" Nilisema kwa sauti, maana mimi nisiposikia vizuri nadhani na wenzangu hawasikii. Pini zikamtoka mdomoni zote. Hata muuza mkaa wa kule ng'ambo ya barabara alisimama kutazama. Tangu hapo fundi hanijibu salamu. Nikipita, anakanyaga cherehani kama mguu wangu ndio uko chini yake.

Tuje kwenye jezi. Mimi nimefua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu. Damu nimefua, usaha nimefua, na vingine sivitaji kwenye karatasi ambayo huenda unaisoma ukila. Lakini watu wazima wanaotunza jasho lao kama akiba sijawahi kuwaona. Bahati gani hiyo inayokaa kwapani? Mfyuu!

Na hicho kikapu chenu nilikiona kwenye televisheni ya fundi, tulipokuwa bado tunasalimiana. Hakina kitako! Kutwa mnatia mpira kwenye kikapu kilichotoboka, kisha mnarukaruka kwa furaha ukianguka chini. Ndiyo elimu ya juu hiyo?

Mwambie huyo kocha wako hapana. Ukimkaba Twiga, mimi na wewe basi.

Bibi yako,
mke mwenzako ninayekuonea haya


Bwenini, tarehe 13 Oktoba

Bibi,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya kukuomba radhi kwa sababu nimecheka mpaka nikaanguka kutoka kitandani.

Bibi, kukaba kwenye mpira si kukaba koo! Ni kumfuata mtu kila aendapo, kusimama mbele yake, kunyoosha mikono asipate nafasi ya kufunga. Humgusi hata nguo. Ukimgusa mwamuzi anapiga filimbi. Hakuna anayenyongwa, naapa kwa beseni lako.

Twiga amekwishasikia kwa mama yake. Amenitumia ujumbe kwenye simu: "Njoo unikabe, ila mwambie Bibi shingo yangu ni ndefu, utahitaji ngazi." Barua yako nimewasomea wenzangu, sasa wananiita Mkabaji. Kile cha kikapu kutokuwa na kitako wamekiandika kwenye ubao wa chumba cha kubadilishia nguo.

Tafadhali nenda kamwombe fundi radhi. Mwambie ni neno tu la mchezo.

(Geuza, nimeendelea karatasi ya pili.)

Nilipofika hapo juu nilidhani nimemaliza. Nimerudi sasa hivi kutoka mazoezini.

Kocha naye alisikia kile kichekesho. Wote walicheka, yeye hakucheka. Baada ya mazoezi aliniita kwenye stoo ya mipira. Alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Bibi yako ana akili. Kaelewa haraka kuliko wewe."

Nikadhani ni utani. Akaendelea kumenya. Akasema Twiga alivunjika kifundo cha mguu mwaka jana na hakijapona sawasawa. "Akiruka kufunga, wewe usiruke. Sogeza mguu wako pale anapotua. Basi. Mwamuzi ataona bahati mbaya." Nikamwambia, kocha, yule tumekua naye. Akasema ndiyo maana nimechaguliwa mimi, kwa sababu hakuna atakayefikiria. Akasema timu zote hufanya, hazisemi tu. Nisipoweza niseme mapema, yupo mwenzangu, yule tunayemwita Sumaku, anaitaka sana nafasi yangu hapa chuoni.

Kisha akanikatia kipande cha chungwa. Nilikipokea, Bibi. Nikakila.

Usimwambie fundi hili la pili. Nakuomba. Mambo ya timu hayatoki nje.

Mjukuu wako,
Kijiti


Nyumbani, tarehe 15 Oktoba

Kijiti,

Marahaba. Afya yangu iache.

Wewe unanijua ninavyosoma, polepole, karatasi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Nilisoma ya kwanza nikacheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Sikungoja ya pili. Nilijifunga kanga nikaenda kwa fundi. Nikamwambia, "Mama Twiga, nisamehe, mimi mzee mjinga, kukaba kumbe ni kusimama na mikono juu kama mwizi aliyezungukwa." Tulicheka wote wawili. Akanivutia kiti, akanipa chai, akanipima mkono wa gauni analotaka kunishonea bure kwa kunionea huruma ya ujinga wangu. Nikarudi nyumbani mwepesi. Ndipo nikakaa nikasoma karatasi ya pili.

Ile chai ilirudi yote, Kijiti. Nje kabisa, karibu na mfereji. Sikuandikii hivyo kukutisha. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo mimi sikukosea. Nilijidhalilisha bure. Afadhali hata wale wa vichochoroni, wanajua kwamba wao ni wakabaji, wanaficha nyuso. Huyu wako anamenya chungwa! Anakata vipande kama baba anayelisha watoto! Na mikono hiyo hiyo ndiyo anayowapigia makofi mkishinda. Namtapikia.

Na "timu zote hufanya" nisiisikie tena kinywani mwako. Hospitali nzima ilikuwa inachafua mashuka, sikuwahi kusikia kwamba kwa hiyo tusifue.

Najua unachoogopa. Unaogopa kurudi huku na begi lako watu wakuulize umefukuzwa kwa nini. Rudi. Nyumba hii ina mlango, na anayeuliza mimi nitamjibu, unanijua.

Umeniomba nisimwambie fundi. Nimenyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sipendi ladha yake. Nanyamaza kwa sababu naamini hutafanya. Lakini sikiliza vizuri. Mimi nimefua uchafu wa kila aina. Ukimvunja yule mtoto, jezi hiyo usiilete kwangu. Huo sitaufua.

Bibi yako


Nyumbani, tarehe 20 Oktoba

Mjukuu wangu,

Hujambo? Sikungoja unisalimie, hivyo nakuanza mimi, ujue dunia imepinduka.

Fainali imepita tangu juzi. Dereva wa mikate amekuja na mikate tu. Nilimwambia apekue tena chini ya kiti, akapekua, akanionyesha mikono mitupu.

Jana asubuhi fundi ameondoka. Nilimwona akifunga mlango, begi mkononi, kitambaa kichwani kimekaa upande. Nikamwita, "Mama Twiga, salama huko?" Hakugeuka. Gauni langu ameliacha chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mmoja bado. Naliona dirishani kila nikipita, na nimepita mara nyingi.

Ningemwuliza muuza mkaa, lakini naogopa atanijibu.

Kijiti, ulifanya? Andika neno moja. Ndiyo au hapana, sihitaji shikamoo. Ukikaa kimya nitajua mwenyewe, na nikijua mwenyewe itakuwa vibaya zaidi kwako, maana mimi nikiachiwa kufikiri sina breki.

Bibi yako


Bwenini, tarehe 22 Oktoba

Bibi,

Shikamoo.

Hapana.

Nilimkaba kwa haki. Nusu ya kwanza yote nilikuwa mbele yake kama kivuli, na hakufunga sana, kila mtu aliona. Alikuwa akinitania tukikimbia. "Mwambie Bibi bado napumua," aliniambia. Mara mbili aliruka mbele yangu, nami niliruka naye, mguu wangu nikauweka mbali kabisa. Mara ya pili nilitazama benchi. Kocha alikuwa anafuta filimbi yake na shati.

Mapumziko hakunisemesha. Alisema tu, "Sumaku, ingia." Nilikaa benchi.

Haikuchukua muda. Twiga aliruka, akatua juu ya mguu wa Sumaku. Bibi, mlio ule niliusikia nikiwa nimekaa, na watu wote wale wanapiga kelele. Sumaku alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyesikitika. Mwamuzi aliona bahati mbaya. Tukachukua kombe.

Sasa nikwambie lile ambalo limenifanya nisiandike. Kabla ya mchezo tulishikana mikono, mimi na Twiga. Alinivuta akanikumbatia. Nilikuwa na mdomo wangu karibu kabisa na sikio lake. Ningesema "angalia unapotua." Maneno hayo tu. Sikusema. Nilijiambia inatosha, mimi sifanyi, mikono yangu safi. Nilitaka nisifanye, na nibaki kwenye timu pia.

Nimekwenda hospitali mara mbili nikaishia kwenye korido. Fundi alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamsuka nywele.

Wenzangu bado hawajafua jezi, kwa sababu hatujafungwa. Walicheza nazo kwenye korido ya bweni na kombe lao. Mimi ilinishinda kuitazama ile yangu. Niliichukua nikaifua bafuni, kwenye ndoo, mchana, mlango wazi. Sumaku alipita akasema, "Unafua bahati yetu!" Nikamwambia ndiyo. Jioni kocha aliagiza nisirudi mazoezini.

Jezi naituma pamoja na barua hii. Usipoitaka, mpe dereva afutie kioo.

Mjukuu wako,
Kijiti


Nyumbani, tarehe 26 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, nimelala vibaya.

Jezi imefika. Umefua ovyo. Kola hukuigusa, na umeacha sabuni kwapani, imekauka imekuwa kama chokaa. Nimeisuuza upya maji matatu, nikaianika kwenye kamba ya mbele, upande wa barabara, namba yake ikitazama nje.

Fundi alirudi jana kuchukua nguo za kubadilisha. Akaiona kwenye kamba, akasimama. Akaniuliza, "Ya Kijiti hiyo? Nasikia yeye alitolewa. Alitolewa kwa nini, alikuwa anacheza vizuri?"

Ungeniona. Mimi ambaye napigia watu kelele juu ya ua. Ulimi ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Lakini nilimwambia, Kijiti. Stoo, chungwa, mguu, Sumaku, vyote. Jina lako nililitaja, na kwamba ulikataa nililitaja, na kwamba ulinyamaza nililitaja pia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu. "Wewe ulijua lini?"

Nikamwambia, siku ile ile niliyokunywa chai yako.

Aliingia ndani akatoka na lile gauni, mkono mmoja, akalitundika kwenye ua wangu akaenda zake. Leo asubuhi amepita tena akielekea kituoni. Nilimsalimu, hakunijibu. Mara ya kwanza alininunia kwa neno nisilolielewa. Safari hii nimelielewa.

Kwa hiyo yule bwana wa chungwa nimemtapikia vya kutosha, limebaki la kwangu, na hilo halitoki kwa maji matatu. Twiga tulimkaba koo wenyewe, mimi na wewe, kwa kufumba midomo.

Nimemwambia fundi akitaka kwenda kushtaki kwa wakuu wa mashindano, mashahidi anao wawili. Wewe ndiye wa kwanza. Barua zako nimezitunza, lakini mdomo wako ndio ninaoutaka pale, ule ule uliokuwa karibu na sikio la Twiga.

Anza na hospitali. Usiishie koridoni. Ingia, amkia, kisha sema. Wakikufukuza, fukuzika, na kesho yake urudi.

Ukimaliza njoo nyumbani, nimekuwekea maji ya kuoga. Kutoka kituoni hakuna njia nyingine ila kupita mbele ya cherehani ya fundi. Nitakuja kukupokea. Tutapita pale wote wawili, taratibu, na tutasalimia kwanza.

Bibi yako