Niliacha Mke Wangu Aamini Nina Mwanamke, Asijue Kwamba Nililia

Mama Mwadi, jambo kwako na kwa wenzako wote wa redio. Mimi naitwa Amédée, baba wa Exaucée, nina miaka arobaini na sita, nakaa hapa hapa Kamina, na kabla sijakuomba msaada acha kwanza nimshukuru Mungu, maana mwaka jana wakati kama huu sikujua kama nitaifikia siku ya leo, na ukiona naandika bila kupumzika unisamehe, nikisimama kidogo tu nitaona haya na karatasi nitaichana.

Kazi yangu ilikuwa kuchomelea vyuma, milango na madirisha na vitanda, nimeifanya miaka ishirini na miwili, halafu macho yakaanza kuwasha na kuona ukungu, nikaenda kwa daktari, akaniambia bila kuzunguka kwamba nikirudi kwenye ule moto nitapofuka. Nikatoka pale nikapita sokoni, mke wangu Léa anauza samaki wakavu wanaotoka Kinkondja, akaniuliza mbele ya wenzake, "Docteur anasema nini?" nikamjibu, "Hakuna kitu, iko vumbi tu." Tangu siku hiyo kila asubuhi nilitoka nyumbani kama mtu anayekwenda kazini, nikakaa stesheni na wanaume wengine wasio na pa kwenda, tukiangalia reli, na saa kumi nikarudi nikijidai nimechoka. Miezi saba, Mama Mwadi. Tulikula samaki wa Léa. Nikawa mkali, watoto wakisikia mlango wananyamaza, na kuna siku niliwaza kwamba nyumba ile ingekwenda vizuri zaidi bila mimi, na sikuwaza hivyo mara moja.

Ndipo akafika Émerence. Ni binti wa hapa Kamina, anasomea saikolojia Lubumbashi, na mwalimu wake alimtuma kufanya utafiti juu ya wanaume: wanasema uanaume ni nini, kama bado wana tumaini, na mioyo yao inaendeleaje. Alikuja stesheni na kaye yake, daftari la kuandikia majibu, akaomba kila mmoja wetu aongee naye pembeni. Mimi nilimjibu kwa kiburi. Aliuliza, mwanaume ni nani? Ni yule anayelisha watu wake. Akauliza, ukiwa na shida unamwambia nani? Mimi sina shida. Akaandika tu, hakunibishia. Halafu akauliza, "Papa, mwaka yenye kuja, mwezi kama hii, unajiona wapi?" Nikafungua mdomo nijibu, Mama Mwadi, sikuona kitu. Nilitafuta mwaka kesho kichwani mwangu nikakuta hakuna. Nikaanza kulia, mimi mtu mzima, mbele ya binti anayelingana na mwanangu wa kwanza.

Akafunga kaye. Akasema, "Hii siandike, Papa. Hii iko yako." Akangoja mpaka nikanyamaza, hakunihurumia kwa maneno. Kisha akasema, "Nimeshaongea na bababa wengi. Hauko weye moja." Kesho yake akanipeleka kwa muuguzi mmoja aliyesomea mambo ya akili, nimeongea naye mara tano sasa, na muuguzi akanipeleka kwenye kundi la wanaume wanaokutana Jumamosi mchana katika uwanja wa parokia. Huko nilimkuta Papa Likoke, mwanajeshi wa zamani wa kambi ya jeshi ya hapa Kamina, mtu wa jimbo la Équateur, ambaye Swahili yake ameokota njiani, akatuambia, "Vita haikuniua. Siku balinirudisha nyumba, sina kazi, njo pale nilianza kufa." Tukacheka wote, halafu hakuna aliyecheka tena, tukaanza kusema ya kwetu mmoja mmoja. Likoke ndiye aliyenionyesha kutengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, kwa mabati yaliyotupwa: unakata, unakunja, unagonga kwa nyundo, hakuna moto wa kuua macho. Sasa wamama wanakuja wenyewe kuniagiza, na Léa nilimwambia tu kwamba nimebadilisha kazi. Nalala, nakula, mtoto akiniuliza kitu namjibu. Namshukuru Mungu, namshukuru binti Émerence, namshukuru Papa Likoke, hata nikiandika mpaka kalamu iishe wino sitamaliza.

Shida yangu ni hii. Jirani mmoja alituona Émerence na mimi tumekaa parokiani baada ya kundi letu kutawanyika, nimelia tena, ananipa kitambaa cha kupangusa macho, akakimbia kumwambia Léa kwamba bwana wake ana mwanamke mdogo. Léa akaniuliza, "Baba Exaucée, ni nani ule? Sema tu jina." Nikanyamaza. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, Mama Mwadi: ndani yangu nilisikia nafuu. Niliona afadhali anihesabu mzinzi kuliko ajue nilikaa stesheni miezi saba nikalia kama mtoto. Nikamwambia, "Iko mambo ya wanaume," nikatoka.

Sasa ni wiki ya tatu, analala na watoto. Anapika, anapakua, haongei. Jumapili hii baada ya misa ameita jamaa za pande zote mbili. Na Émerence naye, nimesikia wanawake wanamtukana sokoni, wanamwita mwizi wa mabwana, na hafiki tena stesheni kuuliza maswali yake. Nilimwendea kaka yangu mkubwa, yaya Monga, akaniambia, "Acha baseme uko na mwanamuke, ile itapita, wanaume wote banasemwaka vile. Lakini bakijua ulilia mbele ya mutoto mwanamuke, njo umekwisha." Mama Mwadi, nifanye nini? Naomba usinisome redioni kabla ya Jumapili.

Amédée

Jibu la Mama Mwadi

Baba Exaucée, barua yako imenifika leo Alhamisi asubuhi. Siisomi hewani. Nakujibu kwa karatasi hii, na aliyeniletea yako ndiye atakayekurudishia.

Kwanza nafurahi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na ninapokea barua nyingi za wake wanaosema bwana wangu amekuwa mkali, simjui tena. Za mabwana wenyewe nazihesabu kwa vidole. Umepita mahali pabaya ukatoka na nyundo mkononi. Hilo si jambo dogo, na Likoke wako unisalimie.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umenunua heshima yako kwa majina ya wanawake wawili. Mmoja anaamini ametupwa. Mwingine alikunyanyua, na wewe ukaangalia akitukanwa sokoni ukakaa kimya, kwa sababu matusi yale yalikufunika vizuri. Huoni haya hapo? Unaona haya kwenye machozi, ambayo hayakumuumiza mtu. Na yaya Monga usimdharau, ni mkubwa wako, lakini nyumba hii si yake.

Halafu umesema mwanaume ni yule anayelisha watu wake. Kwa ile miezi saba nani aliwalisha? Basi mwanaume wa nyumba yako ni Léa! Unaona jinsi neno lako lilivyokupiga mwenyewe? Liweke chini, tafuta lingine.

Na kuna kitu kimenisimamisha. Barua yako imejaa shukrani, na nimezipenda. Umemshukuru Mungu, umemshukuru Émerence, umemshukuru Likoke. Nimerudi juu nikasoma tena polepole nikimtafuta Léa. Hayumo. Amekulisha, hakukuuliza mfuko wako una nini, na katika kurasa nne hukupata mstari mmoja wa kumwambia asante.

Fanya hivi. Usingoje Jumapili, ongea naye leo hii akirudi kutoka sokoni, wewe na yeye tu, usimtume Monga wala padri. Anzia kwa daktari wa macho, usianzie kwa Émerence, maana jina lile likitangulia hatasikia mengine. Mwambie stesheni. Mwambie pia lile wazo kwamba nyumba ingekwenda vizuri bila wewe. Hilo mke anapaswa kulijua, na likikurudia siku yoyote, nenda kwa muuguzi siku hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi. Léa atakasirika. Ana haki. Usijitetee, nyamaza umsikilize, kunyamaza unakujua. Na Jumapili usimame mbele ya jamaa zote mbili umsafishe Émerence kwa kinywa chako, sauti ikisikika mpaka nje, kwa kuwa waliomchafua wako nje.

Kisha mshukuru mkeo. Fanya hivyo kabla ya kuniandikia tena.

Mwadi

Barua ya pili ya Amédée, baada ya siku kumi

Mama Mwadi, sasa unaweza kutusoma. Léa amekubali, ila amesema yule jirani asitajwe, tunachota maji pamoja.

Nilimwambia Alhamisi ile ile, anasafisha samaki uani. Hakuinua kichwa mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Kila juma nafua nguo yako ya kazi. Zamani ilikuwa na matundu ya moto kila mahali. Miezi saba hakuna hata moja. Ulifikiri minyi siko na macho?" Nikamuuliza mbona hakusema. "Nilikuwa nangoja weye. Kisha banakuja kuniambia uko na mwanamuke, nikasema, ah, kumbe njo ile." Hapo akaanza kulia yeye, na mimi, na watoto wakaja kuchungulia nani amekufa.

Léa hakufuta kikao cha Jumapili. Alisema, "Baje, utasema mwenyewe." Nilisema yote, nikamsafisha Émerence kwa sauti. Yaya Monga aliondoka bila kuaga na mpaka leo hajanipigia simu, hilo linaniuma. Lakini baba mkwe alisema kwamba na yeye alipoacha kazi ya reli alikaa mwaka mzima haongei na mtu. Jumatatu Léa alibeba samaki wakubwa, akaenda na dada yake kwa mama wa Émerence, akaomba msamaha hadharani kwa ajili ya nyumba yetu. Binti amerudi stesheni na kaye yake.

Ile kazi ya mwisho uliyonipa ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Jumapili jioni, wageni wamekwenda, Léa anakusanya sahani, nikasema, "Mama Exaucée, aksanti. Weye njo mwenye ulituchunga sisi wote."

Akaweka sahani chini. "Rudia," akasema, "sikusikia muzuri."

Nikarudia.