Redio ya Mzee Sedekia Imesema

Mwaka umetimia, Alawi mjukuu wangu, tangu homa ya mapafu ikutoe mikononi mwetu hapa Mbeya, Juni ya mwaka 1956. Bado najikuta naita, "Mume wangu, njoo unywe chai," na hakuna anayeitika.

Ulikuwa mpole, ila kwa kazi uliyoipenda ulikuwa mbishi. Ami yako Bushiri alikuwekea kiti dukani kwake, kwenye vitambaa, wewe ukataka ufundi wa redio. "Unaacha duka la wazee wako ukafungue masanduku ya watu?" akakuuliza. Ukacheka tu, ukapanda lori kwenda Iringa kwa fundi Edmund. Uliporudi ulijua kulehemu. Chuma chako ulikipasha moto kwenye jiko langu la mkaa, maharage yangu yakangoja. Sikukasirika. Nilipenda kukutazama umebana midomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Ulisema siku moja utasomea hata ile mitambo ya kurushia matangazo. Mimi niliyeishia darasa la pili nilikuamini.

Na hukumcheka mteja. Mzee Sedekia, mkulima wa kule milimani, aliifunika redio yake blanketi huku inaimba. Aliionea huruma, baridi ilikuwa kali. Taa za ndani, zile zinazoifanya iseme, zikaungua kwa joto. Barazani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ulimwambia, "Mzee wangu, hii haiugui kifua. Niachie, itasema."

Kabla haijasema, kifua ukaugua wewe.

Makaburini ami yako aliuliza, kama ilivyo desturi yetu, "Kama yupo anayemdai marehemu na aseme, deni ni letu." Sedekia, aliyeshuka milimani kuja kukuzika, akavua kofia.

"Mimi namdai redio."

Ami yako akasema atamnunulia nyingine.

"Sitaki nyingine, Bwana Bushiri. Huyu kijana aliniahidi hii itasema."

Tangu siku ile moyo wangu haukutulia. Niliona umekwenda na ahadi ya mtu shingoni. Tulimwonyesha fundi mwingine hapa mjini, akasema itupwe. Ndipo Kudra, mdogo wako uliyemfundisha kushika chuma cha moto, akaniambia, "Bibi, nipeleke Iringa."

Ami yako akaja juu. "Msichana na nyaya! Nani atamwoa?"

"Bushiri, mwanangu," nikamwambia, "anayedaiwa ni mtoto wa kaka yako. Wewe unajua kulehemu?"

Asubuhi yake akatutafutia lori mwenyewe.

Edmund alikulilia kwanza. Kisha akatafuta taa za kubadilisha, akamkalisha Kudra mezani, akamwonyesha, akamwambia afanye kwa mkono wake. Mtoto aliungua vidole, akafuta machozi, akaendelea. Mimi nilikaa mlangoni na tasbihi yangu.

Juzi tumempelekea Sedekia redio yake nyumbani kwake. Kudra akafunga betri, akazungusha kitufe. Ukatoka mkwaruzo tu. Nikafumba macho. Halafu mtu akaanza kusoma habari, sauti safi kabisa, kama yuko chumbani pamoja nasi. Sedekia alisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akasema kwa sauti kubwa, kama uko uani:

"Alawi, sikudai tena. Pumzika, baba."

Basi pumzika. Kudra amerudi Iringa kujifunza kazi yako, na aliyembebea sanduku lake mpaka kwenye lori ni ami yako.

Tunaokukumbuka ni mimi bibi yako Chiku, mama yako Rukia, ami yako Bushiri, mdogo wako Kudra, na majirani wa hapa Ilomba. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Tutakutaja katika nyumba hii maadamu yupo wa kukutaja.