Mstari wa Kuitikia Hodi

Jumamosi, 4 Mei

Sijamwambia mtu. Hata Mama Mdogo, ambaye siri yako huinusa kabla hujawa nayo. Naandika hapa tu: kadi inasoma. Tangu juzi Alhamisi!

Na leo Baba alipokuja nikamwambia bado.

Niandike polepole, maana hata mimi sijielewi. Mama anafanya kazi kituo cha hali ya hewa. Stoo yao ina kanda za kale, zile za plastiki nene, kubwa kama kitabu. Ndani yake kuna vipimo vya mvua vya miaka ambayo karatasi zake ziliharibika. Zililoa. Mvua iliingia ikala vipimo vyake yenyewe! Kompyuta za sasa pale ofisini hazijui kanda ni kitu gani. Bosi mpya kasema stoo inasafishwa Jumatatu tarehe 20. Kinachosomeka kibaki, kisichosomeka kiende dampo.

Fundi wa mashine za kale Mama anamjua mmoja tu. Yule aliyehama hapa kwetu mwaka jana na mkoba wake wa spana.

Basi Baba akatafuta mashine ya kusomea kanda, na kadi ya kuiunganisha na kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma. Akailehemu palipokatika. Lakini kadi bila draiva ni bati tu. Lazima iwepo programu ya kuiambia kompyuta kadi inasemaje. Ya kwake ilipotea zamani pamoja na kampuni iliyoitengeneza. Kwa hiyo naiandika mimi. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina nanong'ona! Kitabu cha kadi ni Kiingereza kigumu. Nasoma, namwambia Baba kwa Kiswahili, yeye anagusa nyaya kwa kipimo chake na kusema, "Hapo wamesema kweli," au, "Hapo wametupiga."

Kila Jumamosi, asubuhi mpaka jioni, bega kwa bega. Mambo ya nyumbani hatuyagusi. Tunaongea biti, zile sifuri na moja za kompyuta.

Sasa nikimaliza, atakuja kufanya nini?

Jumapili, 5 Mei

Nilichofanya ni hiki.

Kadi ikimaliza kusoma kipande cha kanda, inapiga hodi kwenye kompyuta. Draiva lazima iitikie: karibu, lete, kachukue kingine. Usipoitikia, kadi inasimama mlangoni na adabu zake, haisogei. Tulikwama hapo muda mrefu kwa sababu nilikuwa naitikia mapema mno, kabla kadi haijawasha biti ya "tayari". Alhamisi nikaisubiri hiyo biti kwanza. Ikaenda! Mashine ikavuma, namba zikamwagika kwenye skrini — kituo, tarehe, milimita. Nilipiga kelele. Mimi! Bahati yangu redio ya Mama Mdogo ilikuwa juu.

Jana asubuhi, kabla Baba hajafika, nikafuta mstari mmoja. Ule wa kuitikia. Ikasoma kipande cha kwanza, ikanyamaza. Baba akakuna kichwa siku nzima.

Naye siku hizi anapiga hodi. Mlango aliopaka rangi mwenyewe! Anasimama nje mpaka akaribishwe. Hata chumba hiki cha nyuma haingii bila hodi, na ndani niko mimi tu. Mama anamwita "fundi".

"Fundi, chai?"

"Nitashukuru."

Utadhani wamekutana kwenye foleni ya benki.

Jumatano, 8 Mei

Nimeurudisha mstari nikasoma kanda peke yangu. Kuangalia tu. Kuna siku moja, kabla sijazaliwa, ilinyesha milimita 140. Nilitaka sana kumwonyesha mtu. Mama Mdogo akaniita twende sokoni — "Wewe na hiyo mashine, nani atamposa mwenzake?" — nikazima nikatoka mbio. Jioni nikaufuta tena mstari.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwisha.

Baba kaja, hodi, karibu fundi. Kakaa. Kaichomoa kanda aipanguse vumbi. Halafu akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kanda ina kioo kidogo, unaona magurudumu mawili. Jumamosi iliyopita utepe wote ulikuwa kushoto. Leo nusu uko kulia! Mashine inayogoma kwenye kipande cha kwanza hainenepeshi gurudumu la kulia. Nilizima Jumatano bila kuirudisha mwanzo. Kitu cha kwanza alichonifundisha Baba kuhusu kanda: ukimaliza, irudishe. Cha kwanza kabisa!

Mama akaingia na vikombe wakati huohuo. "Vipi, fundi? Imebaki wiki moja."

Nikaangalia vidole vyangu.

Baba akairudisha kanda mdomoni mwa mashine. "Bado kidogo," akasema. "Kadi ina ukaidi."

Kadanganya! Baba yangu, ambaye hadanganyi hata wateja!

Mama alipotoka, Baba akaamuru mashine irudishe utepe mwanzo. Ikavuma mpaka mwisho. Hakuniangalia. "Hii kadi," akasema, "sijui imerithi kiburi cha nani."

Nikasema sijui.

"Mimi namjua."

Basi. Tukafanya kazi mpaka jioni. Kazi gani? Mimi naandika mistari naifuta. Yeye analehemu mguu wa kadi ambao haukuwa na ubaya wowote. Mama Mdogo akachungulia: "Shemeji, ikishindikana kabisa si mtie nyimbo tucheze?" Baba akacheka mpaka miwani ikamshuka. Sijamsikia akicheka humu ndani tangu ahame.

Nina furaha. Nina furaha, na mstari bado umefutwa.

Jumatano, 15 Mei

Nimesikiliza mlangoni. Najua si vizuri.

Mama alikuwa jikoni na Mama Mdogo. Kumbe kuna wahandisi wanajenga daraja la bondeni. Wanataka kujua mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kunyesha kule, ili wajue daraja liwe juu kiasi gani. Mama aliwaahidi. Bosi anamcheka mbele ya watu, eti "mama kanda". Wasipopata namba, watakadiria.

Watakadiria! Na mimi namba ninayo. 140!

Si hilo tu. Mama Mdogo akamwambia, angalau shemeji anajitahidi, kila wiki yupo. Mama akasema yeye ndiye aliyemrudisha mtu ndani ya nyumba, na kila Jumamosi mtu huyo akiondoka, yeye inambidi aanze upya.

"Uanze upya nini?"

"Kuzoea."

Nimerudi chumbani nikiwa nimebeba viatu mkononi. Mimi nilidhani nazuia mlango usifungwe. Kumbe kila wiki naufunga tena, vidole vya Mama vikiwa katikati.

Jumamosi, 18 Mei

Mama ameleta kanda zote kwenye kreti moja ya soda. Alizitoa ofisini jana. Kaziweka mezani.

Baba kaja. Hodi. Karibu, fundi. Kakaa pembeni yangu, kaweka mkoba chini ya meza. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatano. Hayakutoka hata moja. Basi nikafungua programu, nikashuka mpaka mahali penyewe, nikauandika mstari ule mbele ya macho yake. Taratibu, herufi kwa herufi.

Aliusoma. Akavua miwani.

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

"Basi itikia."

Nikabonyeza. Kadi ikapiga hodi, ikaitikiwa, ikapiga tena, ikaitikiwa. Kanda ya kwanza yote! Ya pili. Ya tatu mashine ilitaka kuitafuna, Baba akaukaza utepe, ikaenda. Hii ni ya nne, inavuma. Ule mvumo unasikika nyumba nzima, najua, maana redio imezimwa.

Baba akasimama. Akasema anakwenda kumwambia Mama. Akasimama kidogo tena, kama anayetafuta mkoba wake, halafu akatoka bila kuuchukua. Upo hapa, naugusa kwa mguu.

Wako sebuleni. Sisikii maneno. Sauti ya Mama — fupi. Ya Baba — ndefu. Mama tena. Amesema "fundi"? Au amesema jina lingine? Mashine hii, nyamaza kidogo!

Kiti kimevutwa.

Viatu vya Baba kwenye ukumbi, cha kulia huwa kinalia. Anakuja kuchukua mkoba. Ila atasimama kwanza mlangoni apige hodi, nina muda wa kumaliza sentensi hi—

hajasimama. Kitasa kinazunguka — daftari hili chini ya kitabu cha kadi, haraka —